Maswali Yenu: Triosi, sukari ndogo iliyokaa njia panda

Barua za safari hii zimetoka kwa mwanafunzi, mtu wa maabara, mkulima, mama mwenye mtoto mchanga na wengine. Tulipozipanga mezani tukaona karibu zote zinapita mahali pamoja: kwenye triosi, sukari zenye kaboni tatu, ambazo vitabu vingi huzitaja kwa mstari mmoja na kusonga mbele. Tumezijibu pamoja. Walioandika kwa kirefu watuwie radhi, maswali tumeyafupisha.

DHAP imeenda wapi?

*Mwalimu ametufundisha kwamba katika glikolisisi, njia ambayo seli huvunja glukosi ili kupata nishati, glukosi hukatwa vipande viwili, DHAP na G3P. Hivi ni vitu viwili tofauti. Mbona kuanzia hapo kila kitu kinazidishwa kwa mbili, kana kwamba vipande vyote ni G3P? – Mwanafunzi wa kidato cha sita, Morogoro*

DHAP haijapotea, imegeuzwa.

Triosi ziko mbili tu. Gliseraldehaidi ina kundi la aldehaidi mwishoni mwa mnyororo, na dihaidroksiasetoni ina kundi la ketoni katikati. Fomula yao ni moja, C3H6O3, na moli moja ya yoyote kati yao ina uzito wa gramu 90. Ndani ya seli hazitembei tupu; kila moja hubeba fosfeti, na chaji hasi ya fosfeti hiyo huizuia isivuje kupita utando wa seli. Zikishabeba mzigo huo ndipo huitwa gliseraldehaidi-3-fosfeti (G3P) na dihaidroksiasetoni fosfeti (DHAP).

Glukosi ikishageuzwa fruktosi-1,6-bisfosfeti, kimeng'enya aldolasi huikata kati ya kaboni ya 3 na ya 4. Kaboni 1, 2 na 3 huwa DHAP. Kaboni 4, 5 na 6 huwa G3P. Tatizo ni kwamba kimeng'enya cha hatua inayofuata hupokea G3P peke yake. DHAP ingebaki imekwama kama si triosifosfeti isomerasi, inayohamisha haidrojeni kutoka kaboni moja kwenda jirani yake na kuigeuza DHAP kuwa G3P. Kimeng'enya hiki kina kasi ya ajabu: kinachokichelewesha ni muda ambao molekuli inautumia kukifikia kwenye maji ya seli, kwa sababu kazi yenyewe ikishafika hufanyika papo hapo.

Wanafunzi wengi huchanganyikiwa na msawazo. Ukiziacha triosi mbili zitulie pamoja na isomerasi, katika kila molekuli 100 utakuta 96 ni DHAP na 4 tu ni G3P. Mtu akiziona namba hizo husema basi njia imeziba. Haijaziba, kwa sababu ndani ya seli hazitulii. Chukua ndoo mbili zilizounganishwa kwa mpira chini, moja pana na nyingine nyembamba. Ukichota kwenye ile nyembamba, maji ya ile pana yatahamia huko hata kama pana ndiyo yenye maji mengi. G3P huchotwa kila mara, kwa hiyo DHAP huhamia huko mpaka yote ipite.

Sasa hesabu. Glukosi moja imekula ATP mbili (ATP ni sarafu ya nishati ya seli) kabla ya kukatwa. Kila triosi huzalisha ATP mbili na NADH moja (kibebaji cha elektroni) hadi kufika kwenye piruveti, mwisho wa glikolisisi. Mbili mara mbili ni nne, toa mbili zilizotangulia, zinabaki ATP mbili, NADH mbili na piruveti mbili. Ukiiondoa isomerasi, triosi moja tu ndiyo itakayofika mwisho: ATP mbili zilizopatikana, mbili zilizotumika, faida sifuri. Arseneti, sumu ya arseniki, nayo hukufikisha kwenye sifuri hiyohiyo kwa mlango mwingine. Hujipenyeza mahali pa fosfeti katika hatua ya G3P, na kinachotengenezwa huvunjika chenyewe kabla ATP haijapatikana, kwa hiyo kila triosi hupoteza ATP moja.

Wapo watu wachache mno wanaozaliwa na isomerasi dhaifu, baada ya kurithi jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na kwa mama. DHAP hurundikana katika seli nyekundu za damu, seli hizo huvunjika mapema, na mtoto hupata upungufu wa damu pamoja na udhaifu wa misuli na mishipa ya fahamu unaoongezeka kadiri anavyokua.

Na mtego wa mtihani: ukiulizwa kaboni ipi ya glukosi hutoka kwanza kama kaboni dioksaidi baada ya piruveti, usiseme ya 1. Ni ya 3 na ya 4, zile zilizokuwa pande mbili za mkato wa aldolasi. Kaboni ya 1 na ya 6 ndizo hubaki kwenye kundi la methili la piruveti.

Je, piruveti ni triosi?

*Ina kaboni tatu. Na asidi ya laktiki je? – Mwalimu wa sekondari, Kisumu*

Hapana, Mwalimu, zote mbili si triosi. Kuwa na kaboni tatu hakutoshi. Sukari lazima iwe na aldehaidi au ketoni, na vikundi vya haidroksili kwenye kaboni zilizobaki. Piruveti ina ketoni lakini haina haidroksili hata kimoja. Asidi ya laktiki ndiyo huwakamata wengi, maana fomula yake ni C3H6O3 vilevile, na uzito ni ule ule wa 90. Kwa hiyo fomula peke yake isimshawishi mwanafunzi, achore muundo. Maabara nayo itamsaidia: triosi zote mbili hubadili rangi ya myeyusho wa Benedict ukipashwa moto, asidi ya laktiki haibadili.

Sukari ya damu imepungua njiani

*Ni fundi sanifu wa maabara katika kituo cha afya. Mgonjwa alikuwa na 7.8 kwa glukomita. Tukachukua damu ya mshipa kwenye chupa ya kifuniko cha kijivu, ikaenda hospitali ya wilaya kwa bodaboda, majibu yakarudi 6.1. Nani kakosea?*

Huenda hakuna aliyekosea. Namba mbili hizo zinaweza kutoka kwa mtu mmoja, asubuhi moja, kila kifaa kikiwa kimefanya kazi yake.

Anzeni na glukomita. Kiwango cha kimataifa cha ISO 15197 cha mwaka 2013 kinaruhusu tofauti ya hadi asilimia 15 kwa sukari ya 5.6 mmol/L na zaidi. Kwa hiyo 7.8 yenu yaweza kuwa 6.8 halisi. Mgonjwa akiwa na upungufu wa damu, glukomita nyingi husoma juu zaidi. Akiwa amekula, damu ya kidole huwa na sukari nyingi kuliko ya mshipa.

Sasa chupa. Damu ikishatoka mwilini seli zake hazijafa. Zinaendelea kula glukosi. Katika chupa isiyo na dawa, kwenye joto la kawaida la chumba, glukosi hupungua kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa. Piga hesabu hii: mgonjwa aliyefunga ana 7.2, ambayo tayari ni kisukari. Damu ikikaa saa tatu na kushuka asilimia 6 kila saa, mashine itasoma 6.0. Mgonjwa anarudi nyumbani akiambiwa yuko salama.

Chupa ya kijivu ina sodiamu floridi, na watu huamini floridi husimamisha kila kitu papo hapo. Haifanyi hivyo. Floridi hukaba enolasi, kimeng'enya kilicho karibu na mwisho wa njia, hatua kadhaa baada ya triosi. Mlango wa mbele unabaki wazi: glukosi inaendelea kufungwa fosfeti, kukatwa na kuwa triosi, na bidhaa zake zinarundikana nyuma ya enolasi. Inasimama tu pale ATP ya kuingizia glukosi mpya inapokwisha. Hilo huchukua saa moja hadi nne, na ndani ya saa hizo za mwanzo sukari hushuka karibu sawa na kwenye chupa tupu. Baada ya hapo hutulia vizuri, hata kwa siku. Kwa hiyo floridi hulinda sampuli ya kesho kuliko inavyolinda ya saa hii.

Cha kufanya: jazeni chupa hadi mstari wake, kisha igeuzeni taratibu juu chini mara 8 hadi 10 (msiitikise, seli zitapasuka). Iwekeni mara moja kwenye barafu iliyochanganywa na maji. Barafu isiyo na maji haigusi chupa pande zote. Kama mnayo sentrifuji, tenganisheni plazma ndani ya dakika 30, na hapo safari ya bodaboda haina madhara, kwa sababu plazma haina seli za kula sukari. Zipo pia chupa zenye bafa ya sitreti, ambazo hushusha pH na kukaba vimeng'enya vya mwanzo kabisa wa njia. Hizo husimamisha ulaji wa glukosi mapema zaidi, na mkiweza kuzipata ndizo bora.

Mgonjwa mwenye seli nyeupe nyingi mno, kama wa leukemia, sampuli yake huliwa kwa kasi kubwa zaidi. Huyo msimngojee bodaboda. Na msitumie damu ya chupa ya kijivu kupima potasiamu wala sodiamu: chumvi zilizomo ndani yake, potasiamu oksaleti na sodiamu floridi, zitawadanganya.

Mahindi ya zambarau

*Mahindi yangu yana wiki tatu, majani ya chini yamegeuka zambarau kuanzia ncha. Bwana shamba anasema fosforasi. Jirani anasema ni baridi. Fosforasi inahusikaje na rangi? – Mkulima, Njombe*

Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, na kinachowaunganisha ni triosi.

Usanisinuru hautengenezi glukosi moja kwa moja kama ubao wa shule unavyoonyesha. Mzunguko wa Calvin, uliompatia Melvin Calvin Tuzo ya Nobel mwaka 1961, hutoa G3P, ileile ya glikolisisi. Kaboni dioksaidi tatu zikiingia, G3P sita hutengenezwa. Tano hurudishwa kuuendesha mzunguko, na moja tu ndiyo faida. Gharama yake ni ATP tisa na NADPH sita. (Mahindi huanza kwa kuikamata kaboni dioksaidi katika asidi ya kaboni nne, lakini baadaye huiachia ndani zaidi ya jani na mzunguko ni huohuo.)

Faida hiyo lazima itoke kwenye kloroplasti, vile vyumba vya kijani vya seli ya jani, ili itengenezwe kuwa sukrosi na kupelekwa kwenye mizizi na majani machanga. Mlangoni kuna msafirishaji mwenye sharti gumu: triosi fosfeti moja itoke, fosfeti moja iingie. Ni kubadilishana kichwa kwa kichwa. Udongo ukikosa fosforasi, fosfeti ya kuingia haipo, triosi haitoki, na mmea unaigeuza kuwa wanga humo humo ndani ya kloroplasti. Mizizi inakosa chakula ilhali jani limeshiba. Sukari ikirundikana, jani hutengeneza rangi ya zambarau iitwayo anthosayanini.

Baridi huleta picha ileile kwa njia nyingine. Mizizi ikipoa hukua polepole, inashindwa kuifikia fosfeti iliyopo, na ukuaji ukisimama sukari haina pa kwenda. Udongo uliokandamizwa na wadudu wanaokata mizizi hufanya vivyo hivyo. Na kuna mbegu ambazo ni zambarau kwa asili yake.

Namna ya kutofautisha: ng'oa mimea mitatu au minne, utazame mizizi. Ikiwa mifupi au imeliwa, tatizo liko hapo. Kama mizizi ni mizuri na kulikuwa na baridi, ngoja siku chache za jua. Rangi ya baridi hufutika kwenye majani mapya. Kama mimea imedumaa, zambarau imeanzia majani ya zamani na haiondoki jua likirudi, bwana shamba kasema kweli. Mahindi ya kijani kibichi yanayokua vizuri na zambarau kidogo kwenye shina hayana ugonjwa wowote.

Kwa msimu huu, tuseme ukweli, dawa ni ndogo. Fosfeti haitembei kwenye udongo. Ukiimwaga juu wakati huu itabaki juu. Kukuzia kwa yurea hakutaiondoa zambarau. Msimu ujao tia mbolea ya kupandia shimoni: mfuko mmoja wa kilo 50 wa DAP kwa ekari una nitrojeni kilo 9 na fosforasi kilo 10 hivi. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mbegu moja kila shimo, una mashimo kama 18,000, na kila shimo hupata chini kidogo ya gramu 3, nusu kifuniko cha soda. Kwa 75 kwa 60, mbegu mbili, ni karibu kifuniko kizima. Funika kwanza kwa udongo wa vidole viwili ndipo uweke mbegu, maana DAP ikigusana na mbegu huiunguza. Na kabla ya kununua chochote, pima pH. Ikiwa chini ya 5.5, aluminiamu na chuma vya udongo vitaikamata fosfeti kabla ya mzizi, na fedha yako ya kwanza iende kwenye chokaa.

Sukari ya matunda ni salama kwa mwenye kisukari?

*Dukani wameniambia fruktosi na asali "hazipandishi sukari". Nina kisukari aina ya pili. – Baba wa watoto wanne, Tanga*

Maneno ya dukani yana nusu ya ukweli, mzee wetu. Fruktosi tupu hupandisha glukosi ya damu polepole: fahirisi yake ya glaisemia ni karibu 20, wakati sukari ya mezani ni karibu 65. Asali si fruktosi tupu. Ina glukosi nyingi pia, nayo haiko mbali na sukari ya mezani.

Nusu ya pili ya ukweli iko kwenye ini. Glukosi ikiingia kwenye glikolisisi hukutana na mlinzi, kimeng'enya fosfofruktokinasi, kinachofunga lango pale seli inapokuwa na nishati ya kutosha. Fruktosi inapita uchochoroni. Ini huifunga fosfeti kwenye kaboni ya kwanza, aldolasi B huikata kuwa DHAP na gliseraldehaidi tupu, na gliseraldehaidi hiyo hupewa fosfeti na kuwa G3P. Triosi mbili zimefika katikati ya njia bila kupita kwa mlinzi. Ini lisilohitaji nishati halina pa kuzipeleka isipokuwa kuzihifadhi, na zikizidi huwa mafuta. Isitoshe, kazi ya kuifunga fruktosi hula ATP kwa haraka na mabaki yake huongeza asidi ya yuriki; mwenye jongo azingatie hilo.

Kwa hiyo angalia kipimo na chombo. Soda ya mililita 300 yenye gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100 ina gramu 30, na nusu yake ni fruktosi, gramu 15, zinazonywewa ndani ya dakika tano. Chungwa moja la wastani lina sukari gramu 12 hivi kwa jumla, pamoja na nyuzinyuzi na muda wa kutafuna. Kula chungwa, juisi yake iache, hata ile ya nyumbani. Fruktosi ya unga ya dukani huihitaji.

Mtoto anatapika kila akipewa tunda

*Ana miezi sita. Maziwa ya mama anayanyonya vizuri kabisa. Tangu nimeanza uji wenye sukari na juisi ya embe anatapika, analegea na kutokwa jasho. Vyakula visivyo na utamu havimsumbui. – Mama, Mombasa*

Dada, usisubiri toleo lijalo. Mpeleke hospitali, na maelezo haya haya uliyotuandikia mpe daktari kama yalivyo, kwa mpangilio huo huo.

Sababu zinaweza kuwa nyingi, lakini mojawapo ni ugonjwa wa kurithi wa kutoivumilia fruktosi, ambapo aldolasi B tuliyoitaja hapo juu haifanyi kazi. Fruktosi ikishafungwa fosfeti haikatwi kuwa triosi. Inarundikana kwenye ini na kushikilia fosfeti ya seli, ini linashindwa kutoa glukosi, na sukari ya damu inaanguka. Ndiyo maana ya jasho na kulegea. Maziwa hayamdhuru kwa sababu sukari yake ni laktosi, yaani glukosi na galaktosi, bila fruktosi.

Mpaka aonwe na daktari, simamisha sukari, asali, matunda, juisi na uji uliotiwa utamu. Dawa za maji za watoto nyingi zimetiwa sukrosi au sorbitoli, na sorbitoli hugeuka fruktosi mwilini, kwa hiyo waulize wauza dawa kabla ya kumpa. Na jambo ambalo husahaulika: akiharisha, maji ya chumvi na sukari ya nyumbani yatamzidishia ugonjwa, kwani sukari ya mezani ni nusu fruktosi. ORS ya kawaida ya pakiti hutumia glukosi, gramu 13.5 kwa lita, na hiyo ni salama kwake. Soma pakiti uhakikishe haijaongezwa sukrosi. Usimjaribishe tunda "kuona kama kweli". Jaribio hilo ni la hospitali, na siku hizi kipimo cha jeni hulifanya lisiwe la lazima.

DHA ya maziwa ya kopo na DHA ya losheni

*Ni kitu kimoja?*

La. DHA ya kwenye kopo la maziwa na mafuta ya samaki ni asidi ya mafuta yenye kaboni 22. DHA ya losheni ni dihaidroksiasetoni, triosi yetu. Herufi zimegongana tu.

Ya losheni hushikana na asidi za amino za ngozi iliyokufa ya juu kabisa na kuleta rangi ya kahawia, sawa na mkate unavyobadilika rangi kwenye oveni. Rangi huonekana baada ya saa kadhaa na kufutika ndani ya wiki moja, ngozi hiyo inapopukutika. Kwa wenye barasi inafaa kufichia mabaka. Anza na ya asilimia 5, paka eneo dogo nyuma ya sikio, subiri kesho ulinganishe rangi. Sugua magamba kwanza, maana palipo na ngozi nene, kama viwiko, rangi huwa nzito. Baka lililopakwa bado huungua kwa jua. Losheni ya kukinga jua iendelee.

Mafuta kugeuka sukari wakati wa mfungo

*Kitabu kinasema mafuta hayageuki glukosi. Rafiki yangu muuguzi anasema yanageuka. – Msomaji, Unguja*

Kitabu kinazungumzia asidi za mafuta, muuguzi anazungumzia mafuta mazima. Molekuli ya mafuta ni asidi tatu zilizoshikwa na uti wa mgongo wa gliseroli, na gliseroli ina kaboni tatu. Ukifunga, mafuta huvunjwa, asidi huenda kuchomwa kwenye misuli, gliseroli husafiri kwa damu mpaka kwenye ini. Huko hupewa fosfeti, hugeuzwa DHAP, na kutoka hapo njia ya kurudi kwenye glukosi iko wazi: triosi mbili huunganishwa na aldolasi, ileile iliyokata, ikifanya kazi kinyumenyume.

Ni kiasi gani? Gliseroli ni karibu asilimia 10 ya uzito wa mafuta, kwa hiyo gramu 100 za mafuta hutoa glukosi kama gramu 10. Si nyingi. Katika mfungo wa saa 13 au 14 sehemu kubwa ya glukosi bado hutoka kwenye glikojeni ya ini. Gliseroli huwa na uzito zaidi njaa ikiendelea.

Na njia hii hupitwa pande zote mbili. Seli ya mafuta haiwezi kuitumia tena gliseroli iliyoiachia, kwa kuwa kimeng'enya cha kuifunga fosfeti ni haba mno ndani yake. Ikitaka kuhifadhi mafuta mapya, uti wa mgongo huupata zaidi kutoka kwenye DHAP ya glukosi. Futari yenye vyakula vya mafuta pamoja na utamu mwingi huipa seli hiyo vyote viwili kwa wakati mmoja.

Aldolasi kwenye kipimo cha malaria

*Karatasi ya kipimo cha haraka tulicholetewa inataja aldolasi. Ndiyo hii ya darasani? – Muuguzi, Kigoma*

Ndiyo, ila ni ya kimelea. Plasmodiamu akiwa ndani ya seli nyekundu huishi kwa glikolisisi, na seli aliyoivamia hula glukosi makumi ya mara kuliko seli isiyo na kimelea. Kwa kazi hiyo hutengeneza aldolasi nyingi, na kingamwili kilichopakwa kwenye kipimo huinasa. Aldolasi iko kwa aina zote za plasmodiamu wanaoshambulia binadamu, kwa hiyo mstari wake husema "kuna malaria" bila kutaja aina. HRP2, protini nyingine ya kimelea inayonaswa na vipimo hivi, ni ya aina ya falsiparamu peke yake.

Katika kusoma majibu, kumbukeni mambo mawili. Vimelea wakiwa wachache, mstari wa aldolasi hushindwa mara nyingi kuliko wa HRP2. Ukikosekana wakati dalili zipo, tumieni hadubini. Baada ya tiba ni kinyume chake: HRP2 huweza kuonekana kwa wiki kadhaa ingawa vimelea wamekufa, lakini aldolasi hutoweka mapema, kwa hiyo mstari wake ukibaki ni wa kutiliwa maanani zaidi.

Na kwa kuwa kimelea na mgonjwa wanagombania glukosi moja, mtoto mwenye malaria anayedegedeka au asiyeamka apimwe sukari hapo hapo. Ikiwa chini ya 2.2 mmol/L, ni malaria kali: apewe deksitrosi ya asilimia 10 kwenye mshipa, mililita 5 kwa kila kilo ya uzito, na apimwe tena baada ya dakika 30. Mwenye kutumia kwinini apimwe mara kwa mara zaidi, kwa sababu kwinini nayo huchochea insulini.